CR-V yangu ya 2003 inavuta boti, ila sikilizeni kwanza

Haya jamani, habari za huko nyumbani? Msishtuke kuniona kando ya barabara, gari halijafa. Nimesimama kwa hiari yangu. Nimetoka na boti nyuma, nimetembea kama kilomita 20, nikashuka kukagua kama nilivyojizoesha. Nikaweka kiganja kwenye kikombe cha gurudumu la trela, kile cha katikati kinachokaliwa na beringi, upande wa kushoto: vuguvugu. Nikazunguka kulia, mkono ukaruka wenyewe. Linachoma. Siwezi kulifungua likiwa hivi, kwa hiyo nasubiri lipoe, na wakati nasubiri tuongee lile swali lenu.

Mmoja wenu aliuliza, tena kwa utani: "Kaka, hicho kigari kizee kinavuta boti kweli?" Kinavuta. Ngoja nigeuze kamera mwone. Ndiyo hii, Honda CR-V ya 2003, nyuma yake boti ya bati la alumini ya mita 4 na kitu, na injini yake imening'inia pale. Magari ya ukoo huu mnayajua vizuri, RAV4, Forester, X-Trail, Grand Vitara. Yote yana nguvu ya kuvuta kitu cha maana. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Mimi naongeza kwamba kuna mtu pia aliviburuta hadi majini, na huyo mtu kuna siku alitokwa jasho.

Maana kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama. Gari tupu lina kama tani moja na nusu. Weka watu, weka mizigo, kisha funga nyuma nusu tani isiyo na breki zake yenyewe. Breki zako ni zilezile, pedi zilezile, na sasa zinatakiwa kusimamisha theluthi moja zaidi ya kile zilichokizoea. Hapo bado hatujasema kwamba zina miaka ishirini na ushee.

Sasa kuna jambo linalowachanganya watu wengi, na mimi liliniumiza kichwa. Kitabu cha gari langu, toleo la Marekani, kinasema mwisho wa kuvuta ni pauni 1,500, yaani kilo 680. Rafiki yangu aliyeko Ulaya ana CR-V ya kizazi hikihiki, na karatasi zake zinasema kilo 1,500, ilimradi trela liwe na breki. Gari lilelile! Nikadhani mmoja wetu hajui kusoma.

Kumbe kila upande una hesabu zake. Marekani wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iegemee kwenye ndoano ya gari, na watu wanavuta kwa mwendo mkali kwenye barabara kuu. Ulaya uzito unaoegemea ndoano ni mdogo zaidi, mwendo umewekewa kikomo, kwa mfano Ujerumani kawaida ni kilomita 80 kwa saa ukiwa na trela, na trela likizidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake. Kwa hiyo usichukue namba ya kule ukaendesha kwa desturi za huku. Ukitaka ile 1,500, ichukue na breki zake na mwendo wake wa taratibu. Mimi trela langu halina breki, basi nabaki na 680, na hata hiyo siifikii.

Kwa nini siifikii? Kwa sababu namba ya kitabuni iliandikwa gari likiwa jipya. Rejeta haikuwa na kutu, springi hazijachoka, vile vyuma vya chini ambako ndoano inafungiwa vilikuwa vinang'aa. Kabla hujauliza gari lako linavuta kilo ngapi, lala chini na tochi uangalie pale bolti zinapoingia kwenye chasisi. Ukikuta kutu inayobanduka kama magamba ya samaki, swali la kilo halipo tena.

Halafu kuna uzito ambao hakuna anayeuhesabu. Niliponunua hii boti, aliyeniuzia aliniambia, "Nyepesi hii, kilo 160 tu." Hakudanganya. Bati lenyewe ni hivyo. Lakini boti haisafiri uchi. Injini ya nyuma inakaribia kilo 80. Betri 20. Petroli, kila lita ni kama robo tatu ya kilo, na tangi langu ni la lita 25. Nanga na mnyororo wake, makoti ya kuokolea, kamba, sanduku la vifaa, makasia. Na trela lenyewe, ambalo watu hulisahau kabisa kana kwamba linaelea hewani, ni kilo 190. Nikalipeleka kwenye mizani ya magari makubwa: 530. Kutoka 160 hadi 530, na sijapandisha hata samaki mmoja.

Nendeni kwenye mizani, jamani. Kukisia kwa macho ni kamari.

Na mkishapata jumla, bado kuna namba ya pili ambayo kwangu ndiyo mama yao: uzito ule unaokaa juu ya ndoano. Hapa nina kisa changu.

Mara ya kwanza kabisa kuvuta, nilipanga vitu vyangu kwa akili ya mtu anayetaka nafasi. Betri nyuma kabisa karibu na injini, tangi la mafuta nyuma, nanga nyuma. Sehemu ya mbele ikabaki wazi, safi, inapendeza. Nikaingia barabarani. Kilomita 60 kwa saa, raha. 80, raha. Nikafika kwenye mteremko mrefu, mwendo ukapanda wenyewe hadi 95, lori likanipita. Ule upepo wake ukalisukuma trela kidogo kushoto. Likarudi kulia. Likarudi kushoto, zaidi. Mkia wa gari ukaanza kufuata. Mnajua mbwa akitikisa mkia? Sasa fikiria mkia ndio unamtikisa mbwa.

Miguu yangu ilitaka kukanyaga breki. Ashukuriwe Mungu nilikuwa nimesoma kidogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu wakati ule, gari linapungua mwendo, trela bado linasukuma kutoka nyuma, na litakukunja kama kisu cha mfukoni. Unachofanya ni kuachia mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kupambana na kila mtikisiko, na uache mwendo ushuke wenyewe. Zilikuwa sekunde tano au sita. Niliposimama sikushuka garini kwa muda, magoti yalikuwa hayako tayari.

Nilipofika nikachukua mizani ya bafuni, ile ya kupimia watu, nikaiweka chini ya mkono wa trela juu ya gogo, kwa urefu uleule wa ndoano. Kilo 24. Kwa trela la 530 nilitakiwa kuwa na 53 au zaidi kidogo. Trela lilikuwa jepesi mbele, zito mkiani, na trela la namna hiyo linasubiri kisingizio tu. Sikununua kifaa chochote. Nilihamisha betri na tangi mbele ya ekseli, nanga nikaiweka puani, na ile nguzo ya winchi, inayoshikilia pua ya boti kwenye trela, nikailegeza na kuisogeza boti mbele kidogo. Nikapima: 57. Tangu siku hiyo malori yananipita kama sipo.

Lakini msizidishe, nawajua. Kikomo cha ndoano kwa gari langu ni pauni 150, kama kilo 68. Ukiweka zaidi, nyuma ya gari inakaa chini, mbele inanyanyuka, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi na taa zako zinawamulika ndege. Na hizo kilo za ndoano ni abiria pia. Gari linazibeba mgongoni, kwa hiyo watu wazima wanne na mabegi na boti ni hesabu ya kukataa mapema kabla shemeji hajaanza kufungasha.

Giaboksi nalo. Hili langu ni otomatiki ya gia nne, na adui wake ni joto. Ukiwa na mzigo kwenye kilima kidogo utaona linapanda gia ya nne, linashindwa, linarudi ya tatu, linapanda tena. Kila kuhangaika huko ni joto. Magari mengi ya zama zile yana kitufe kimeandikwa O/D, yaani overdrive, ile gia ya juu kabisa. Kizime, libaki gia ya tatu, injini ipige kelele kidogo. Kelele haiui. Mafuta ya gia yakiwa mapya ni mekundu. Ukichomoa kijiti ukakuta ya kahawia na yananuka kuungua, usivute hata toroli. Mimi nilibadilisha mafuta na nikaongeza rejeta ndogo ya mafuta ya gia mbele ya ile kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye gari hili. Kwenye mteremko mrefu shusha gia, injini ikushikie. Breki ziache zipumzike.

Matairi ya trela msiyaamini kwa kuangalia meno. Yanazeeka kabla ya kuisha. Soma pembeni, kuna tarakimu nne: 1816 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2016. Yangu niliyakuta meno yamejaa, mapya kabisa kwa macho, na ubavuni yana nyufa kama matope yaliyokauka.

Kule kwenye mtelemko wa kushushia boti nako kuna vituko, ila nitavisema haraka. Gari langu linasukumwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma yanaamka tu pale ya mbele yanapoteleza. Ukipanda kutoka majini uzito wote unaegemea nyuma, ya mbele yanakuwa mepesi, na pale chini kuna ukoga wa majini unaoteleza. Kanyaga mafuta polepole kama unaiba. Na hendibreki inashika ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyo kwenye utelezi, kwa hiyo mimi naweka kabari nyuma ya tairi kila mara, hata nikionekana mshamba. Kizibo cha chini cha boti kirudishe kabla ya kuingia. Sitaki kuulizwa nimejuaje.

Sasa turudi kwa huyu mgonjwa wetu, nadhani amepoa. Mnajua kwa nini trela za boti zinaua beringi? Umeendesha saa nzima, kikombe kimepata moto, hewa ya ndani imetanuka. Unafika, una hamu ya maji, unalirudisha trela moja kwa moja ziwani. Kikombe kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kama sili, ule mpira wa kuzuia maji, imechoka, inavuta maji ndani kama mrija. Maji yakikaa na grisi, beringi ni ya kuhesabu siku. Ndiyo maana ukifika unatakiwa kusubiri lipoe kwanza, na uchomoe waya wa taa, kwa sababu balbu ya moto ikikutana na maji baridi inapasuka. Wiki mbili zilizopita sikusubiri. Kulikuwa na foleni nyuma yangu, watu wananitazama, nikaona aibu.

Haya, nimeweka kabari, nimenyanyua kwa jeki. Shika tairi juu na chini, tikisa. Mnasikia? Tak, tak. Lina mchezo. Lizungushe... huo mngurumo kama linasaga mchanga. Nafungua kifuniko. Oneni hii grisi. Ilikuwa ya kahawia nilipoipaka, sasa imekuwa nyeupe kama maziwa. Ni maji hayo.

Kwenye buti nina beringi za akiba, sili mpya, pini na kopo la grisi, natembea navyo kila safari. Leo kumbe ndiyo siku yake. Ningekuwa na mtu wa kunishikia kamera ningewaonyesha zote. Ngoja niiweke juu ya bampa tuone kama itakaa.