Salamu zangu zinaishia kwenye lifti

Ndugu zangu wa nyumbani, hamjambo? Hebu tazameni hilo dirisha. Hapa Helsinki, Ufini, ni saa tisa u nusu alasiri, na giza limeshaingia. Desemba hii jua tunaliona kwa saa zisizofika 6. Lakini giza nimelizoea. Leo nataka tuongee habari ya salamu.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kutoka nyumbani hadi dukani kununua mkate nilikuwa nimeshaamkia watu kumi, na nikimpita mzee bila shikamoo, habari zinamfikia mama kabla sijarudi. Nikaja huku na malezi hayo hayo. Asubuhi moja naingia kwenye lifti, namkuta jirani, namwambia "Huomenta", yaani habari za asubuhi kwa Kifini, neno nililolikariri usiku kucha. Baba wa watu akakaza macho kwenye vitufe mpaka tukafika chini.

Hakuwa na ubaya. Wengi hapa, kumwacha mtu na utulivu wake ndiyo heshima yenyewe. Kichwa changu kimeelewa, moyo bado. Ukisalimia miezi na miezi huitikiwi, unaanza kujitafuta kosa. Nikaacha kusalimia. Baadaye nikaacha hata kupika, siku za mapumziko nashinda kitandani, shuka hadi kichwani, na mkinipigia najibu, "Sijambo, namshukuru Mungu."

Muuguzi mmoja ndiye aliyenitajia mshtuko wa utamaduni. Nikaenda kusoma. Aliyelieneza neno hilo, katika makala ya mwaka 1960, ni mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, wazazi wake Wafini, na aliwahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, kwa jirani zetu kabisa! Alieleza kwamba wasiwasi huu unatokana na kupotewa na ishara ndogo ndogo za kila siku: lini umpe mtu mkono, umwambie nini mkikutana. Nilipofika hapo nililia sana. Kumbe sikuwa nachanganyikiwa, wala sikurogwa.

Basi mwenye ndugu huku, akikwambia yuko salama, mwulize tena. Leo umekula nini? Umeongea na nani? Tafadhali msituambie "unalia nini na uko Ulaya?" Hilo neno ndilo linalotuziba midomo.

Na mama, asubuhi sikukwambia ukweli. Nitakupigia saa tatu usiku ya huko. Usiwape watoto simu kwanza.