Nambari Moja, Kazi Mbili

Wenzangu, kanuni ya kulenga mizinga ya EVE Online, mchezo wa kompyuta wa vita vya vyombo vya angani, mnaijua, sitaiandika ubaoni. Nitabaki pale pale ninapobaki kila mara, kwenye wastani wa madhara, kwa sababu bado naletewa hesabu ile ile mbovu.

Kijana mmoja alinionyesha daftari lake. Mizinga yake hutoa madhara 100 kwa mkupuo. Adui yuko kwenye masafa bora (umbali ambao hauupunguzii mzinga uwezekano wa kupata) kujumlisha masafa ya kufifia (umbali wa ziada unaoushusha uwezekano huo hadi nusu), kwa hiyo uwezekano wa kumpata ni nusu. Akaandika 50, akapanga mikupuo 20, madhara 1,000, adui kwisha. Chombo chake kikalipuka, adui bado ana deraya. Akaniuliza kama mchezo unadanganya.

Haudanganyi! Kwa kila mkupuo seva huchagua nambari moja tu kati ya 0 na 1. Ikiwa ndogo kuliko uwezekano wako, umepata. Kisha nambari hiyo hiyo, si nyingine, huongezwa 0.49 na kuwa kizidisho cha madhara. Ikiwa chini ya 0.01, pigo linazidishwa mara tatu. Sasa tazameni. Uwezekano ukiwa kamili, kizidisho cha kawaida hufika hadi 1.49. Ukiwa nusu, nambari zote za juu ya 0.5 zimekuwa risasi za kukosa, na hizo ndizo zilizobeba mapigo mazito. Zilizobaki, ukiacha zile chache za mara tatu, kizidisho chake hakivuki 0.99. Umepoteza nusu ya risasi, tena nusu iliyo bora.

Wastani wa madhara kwa mkupuo, ukihesabu na za kukosa, ni 39.5, si 50. Mtaniambia tofauti ya kumi na kitu ni ndogo. Ndogo kwa nani? Mikupuo 20 inatoa 790. Zile 210 zilizopungua ndizo deraya iliyombakia adui, na ndizo zilizomgharimu kijana yule chombo chake. Kila mtu anauliza, "Nitapata?" Ulizeni pia, "Nikipata, nitaumiza kiasi gani?" Jibu la maswali yote mawili limo katika nambari ile ile.

Na mkilengwa nyinyi, wapo watakaosema dawa ni kukimbia kasi ili msipigwe. Hapana. Mzinga haujali kasi yako, unajali kasi ya pembe, yaani jinsi unavyolazimika kugeuka haraka ili kukufuata. Anayekuja moja kwa moja mbele ya mzinga, hata awe mwepesi vipi, ni kama amesimama. Zunguka kwa mita 500 kwa sekunde ukiwa umbali wa mita 10,000: radiani 0.05 kwa sekunde. Sogea hadi mita 2,500, kasi ile ile: 0.2. Pembe imeongezeka mara nne, na kanuni inaipandisha kipeo cha pili. Mzinga uliokuwa ukikupata mara 84 katika 100 sasa unakupata mara 6. Hujaongeza kasi hata kidogo!

Makombora hayana bahati nasibu hii. Hupunguzwa na ukubwa wa shabaha na kasi yake. Aina nne za madhara na ukinzani wa ngao mtazame wenyewe, muda umenibana.

Ila hili fanyeni sasa hivi. Adui yuko umbali ule ule wa kijana, na mzunguko wake nao peke yake ungewapunguzia uwezekano hadi nusu. Kwa pamoja ni robo. Wastani wa madhara kwa mkupuo, kwa mizinga ile ile ya 100, ni ngapi? Najua mkono wa nani unaandika 25. Futa. Ni chini kidogo ya 18.