Mti Mwembamba Si Lazima Uwe Mchanga

Neema: Karibuni. Leo tunazungumzia jimbo la Indiana, nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya misitu imo mikononi mwa watu binafsi. Mwenzangu Salum anatunza huko ekari 32: nyingi ni msitu wa asili wa mialoni, na bondeni amepanda mijozi myeusi, ile inayosifika kwa mbao zake za rangi ya kahawia iliyokolea. Kaka Salum, tuanze na msitu.

Salum: Ahsante, dada Neema. Muda mfupi baada ya kuinunua ardhi hiyo, mnunuzi wa magogo alibisha hodi akataka nimuuzie kila mti wenye unene uliozidi sentimita 40, akinihakikishia kwamba itakayobaki ni michanga na itakua kushika nafasi. Hoja hiyo huvutia, lakini katika msitu uliochipuka kwa pamoja baada ya ukataji wa zamani, mti mwembamba mara nyingi ni rika moja na ule mnene. Umedumaa kwa sababu ulishindwa kugombea mwanga. Ukiuza minene peke yake, unabaki na iliyoshindwa, yenye mashina yaliyopinda au kuoza, na hiyo ndiyo itakayotoa mbegu za kizazi kijacho. Nilikataa, ingawa nilizihitaji sana fedha zile.

Neema: Kwa hiyo hukukata kitu?

Salum: Nilikata mingi, ila nilianza na mibovu. Tulichagua mialoni iliyonyooka, tukaondoa miti iliyosongana nayo kileleni na kukata mizabibu mwitu iliyoipanda. Michache yenye mapango tuliiachia ndege na popo.

Neema: Na mijozi?

Salum: Mjozi hauvumilii kivuli, na unataka udongo wenye kina usiotuamisha maji, ndiyo maana sikuupanda mlimani. Nilipanda kwa nafasi ya mita 3, yaani miche 450 hivi kwa ekari, ili isongane kidogo na kurefuka ikiwa imenyooka. Kila mwisho wa majira ya baridi ninapogoa matawi yakiwa bado membamba, kusudi shina libaki safi walau mita 2.7 za mwanzo, bila kuunyima mti majani unayoyahitaji. Kinachowashinda wenye mashamba wengi ni kupunguza miti, kwa maana inauma kuangusha mjozi ulioupanda kwa mkono wako. Hata hivyo, ekari moja haiwezi kulisha mijozi mikubwa inayozidi 40 hivi.

Neema: Na mavuno huja lini?

Salum: Miaka 60, pengine 80. Huenda wajukuu ndio watakaovuna.

Neema: Kodi ya ardhi je, miaka yote hiyo?

Salum: Tangu 1921 jimbo lina mpango wa kusajili misitu ya watu binafsi: mwenye ekari 10 au zaidi, akifuata mpango wa usimamizi ulioandikwa, thamani ya ardhi yake kwa ajili ya kodi hukadiriwa chini sana; kwa miaka mingi ilikuwa dola 1 tu kwa ekari.

Neema: Na siku ya kuuza, mtu ajilinde vipi?

Salum: Kila mti unaouzwa upakwe rangi mara mbili, usawa wa kifua cha mtu na chini kabisa ya shina. Magogo yakishaondoka, ninapita kisiki kwa kisiki; kisicho na rangi, mti wake haukuwa umeuzwa.