Mwalimu Bora Aanze Kidato cha Kwanza

(Mhadhara kwa wazazi, walimu na viongozi wa mitaa, Moshi mjini)

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, walimu, wenyeviti wa mitaa, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti hivi vya wanafunzi.

Jana alfajiri nilisimama kando ya barabara kule kwetu Pasua, nikawa nahesabu mabasi ya njano ya shule. Kabla jua halijachomoza yalikuwa yamepita saba. Watoto wamelala, vichwa wameviegemeza kwenye vioo. Baadhi yao ni watoto wa majirani zangu, na kutoka mlangoni kwao hadi sekondari ya kata ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Wala wazazi wao si matajiri. Yupo mama mmoja anauza mitumba pale soko la Memorial, mwaka huu amekopa kwenye kikoba mara mbili ili mwanawe asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Kwa nini mtu huyu aipite shule iliyo jirani, isiyodai ada, tena aliyoijenga kwa mikono yake?

Maana tuliijenga sisi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, na baadaye Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu alipohimiza kila kata iwe na sekondari yake, ni wananchi tuliosomba mawe na mchanga na kupandisha kuta. Na mlima huu ulikwisha kuizoea kazi hiyo. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kilitumia fedha za kahawa kusomesha watoto wa watu ambao wengine hawakujua kusoma. Januari 2016 ile ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa nayo ikafutwa. Kuta zipo, ada haipo, na mabasi bado yanapita.

Wengi mtaniambia sababu ni matokeo. Ni kweli kwa sehemu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini mzazi anayafungua matokeo kwenye simu yake na kuhesabu divisheni sifuri mwenyewe. Hata hivyo, matokeo yale ni ya Kidato cha Nne. Mzazi anaamua miaka minne kabla ya hapo, siku anapoipokea fomu ya kujiunga.

Nilimuuliza yule mama wa Memorial siku ile ilikuwaje. Alisema alikwenda shuleni mwezi Desemba na fomu yake mkononi, apaone mahali mwanawe atakapokaa. Geti limefungwa, mlinzi akamwambia arudi shule zikifunguliwa. Akazunguka ukuta, akachungulia, akarudi sokoni. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa moyoni: "Mwalimu, mwanangu amesoma kwa Kiswahili miaka saba. Januari nani atamshika mkono?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo. Mtoto amefundishwa usanisinuru, akauelewa, akaujibu kwenye mtihani wa darasa la saba. Miezi michache baadaye anakutana na jambo lilelile kwa Kiingereza, mwalimu anaandika ubaoni, na yeye ananakili neno baada ya neno bila kujua anachonakili. Wanaolipa mamilioni kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza, wengi wao hawanunui basi wala sare. Wananunua uhakika kwamba mtoto hatapotea mwezi huo wa kwanza. Binafsi naamini mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoiota usiku. Lakini mtihani wa Kidato cha Nne unakuja kwa Kiingereza, na mtoto aliye mbele yangu leo hawezi kusubiri mjadala wa lugha umalizike.

Sasa niseme lililo zito, na nalisema kwa kuwa nililitenda. Nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi. Kila tulipopanga ratiba ya Januari, walimu wazoefu tuliwapeleka Kidato cha Nne na Kidato cha Pili, kwa sababu huko kuna mtihani wa taifa na huko ndiko tutakakoulizwa. Kidato cha Kwanza kilipata waliobaki: mwalimu aliyeripoti juzi, mwanachuo aliyekuja mazoezini wiki nane, au kipindi kikakaa wazi na kiranja akaandika majina ya wapiga kelele. Mtoto yuleyule akifika Kidato cha Nne hawezi kuunga sentensi, tunaweka kambi. Tunawachangisha wazazi fedha za kambi, tunamfundisha asubuhi na usiku yale ambayo yangemwingia kwa muhula mmoja angewekewa mwalimu mzuri mapema. Halafu tunashangaa mtaa hautupendi.

Naomba ratiba igeuzwe. Mwalimu wa Kiingereza anayesifika kuliko wote katika shule aingie Kidato cha Kwanza, na wa Hisabati vilevile. Zile wiki za mwanzo za kozi ya Kiingereza zifundishwe kweli, zisiwe za kusubiri wanaochelewa kuripoti. Watoto wasome kwa sauti kila siku, waandike kila siku, na madaftari yasahihishwe. Istilahi za Baiolojia na Jiografia zibandikwe ukutani kwa lugha zote mbili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti.

Mtauliza, na Kidato cha Nne kibaki na nani? Hapo nitawapeleka London. Miaka ya tisini, familia nyingi za katikati ya jiji lile zilizikwepa sekondari za mitaani kwao. Mwaka 1995 shule moja ya Hackney, eneo la London, ilifungwa kabisa kwa kushindwa. Mwaka 2003 serikali yao ilianza mpango wa London Challenge, ukaendelea hadi 2011, na moja ya mihimili yake ilikuwa kuzifunganisha shule: wakuu wa shule zilizofanya vizuri wanakwenda kukaa na wenzao wa shule zilizolemewa, wanapanga kazi pamoja. Sekondari za London, zilizokuwa zikitajwa kwa masikitiko, zikaja kuwa miongoni mwa zinazofanya vizuri Uingereza. Manispaa yetu ni ndogo. Kutoka Majengo hadi Kiboriloni ni nauli ya daladala moja au mbili. Mwalimu mahiri wa Fizikia wa Kidato cha Nne anaweza kuwafundisha wanafunzi wa shule mbili Jumamosi moja, na wenzake wakakaa nyuma ya darasa wakijifunza.

Tuna haraka, ndugu zangu. Kwa mtaala mpya, mwaka 2027 darasa la sita watamaliza shule ya msingi pamoja na darasa la saba la mtaala wa zamani. Januari 2028 mikupuo miwili itaingia Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja. Kama mlango huo hatujautengeneza kabla, tutazidiwa.

Kuhusu chakula cha mchana na vyoo vya wasichana sitasema mengi, bodi ya shule inayajua na wazazi mmekwisha kukubaliana kuhusu mahindi na maharage. Ila milango ya vyoo ifungike, tafadhali, kabla ya shule kufunguliwa.

Lipo jambo la geti. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba. Toka hapo hadi Januari watoto wako nyumbani karibu miezi minne, wanatumwa dukani, wanaangalia televisheni. Kwa nini geti la sekondari lisifunguliwe Jumamosi za Oktoba na Novemba? Waje na wazazi wao, wakae kwenye madarasa haya haya, wasome vitabu vyepesi vya Kiingereza, waione maabara, wamjue mkuu wa shule kwa sura. Yule mama asichungulie tena juu ya ukuta.

Nimezungumza na mkuu wa shule hii naye amekubali tujaribu. Mimi nimestaafu, nguvu bado ninazo. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa tatu asubuhi, nitakuwa darasa lile la mwisho kulia, karibu na bomba. Nahitaji walimu wengine wawili, na mtu wa kukaa na ufunguo wa geti. Mwenyekiti wa mtaa, nimeona umenyoosha mkono. Karibu mbele.