Timazi ya mwilini

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu nyote.

Kabla sijaendelea, naomba kila aliye kitini akae wima, nyayo ziwe chini ya magoti, mikono aikunje kifuani. Sasa simameni, ila msiinamishe kifua wala msirudishe miguu nyuma.

Hakuna aliyeinuka, hata yule kijana mcheza mpira pale nyuma.

Nguvu mnazo. Kilichowazuia ni mahali uzito ulipo. Kila mwili una nukta ambayo ni kama uzito wote umekusanyika hapo, nayo huitwa kitovu cha uzito. Mtu mzima akisimama wima, nukta hiyo huwa ndani ya nyonga, chini kidogo ya usawa wa kitovu cha tumbo. Waashi watanielewa haraka: tundika timazi hapo, ile kamba yenye kizito nchani. Ncha yake ikiangukia ndani ya eneo la nyayo, umesimama. Ikitoka nje, utapiga hatua au utaanguka. Mlipokuwa mmeketi, iliangukia kitini.

Watazameni akina mama wachota maji. Ndoo ya lita 20 ikiwa mkononi, kiwiliwili hulalia upande wa pili ili kuirudisha timazi. Ikipanda kichwani juu ya ngata, kitovu cha uzito hupanda pia, na hapo kosa dogo tu linatosha kumyumbisha mtu. Lakini timazi inabaki kati ya nyayo, na mama anatembea kama maji yaliyotulia. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake Waluo na Wakikuyu wa Kenya. Walibeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu! Waluo walibeba kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa ukanda wa kupitisha kwenye paji la uso. Ule ni ujuzi wa miaka mingi, ingawa shingo nazo huumia.

Sasa nije kwa wazee, maana ndio walionileta hapa. Bibi yangu tulikuwa tukimwinua kwa kumvuta mikono. Siku moja alianguka, na kwa miaka mingi nimejiuliza mbona hakuna aliyetufundisha. Usimvute. Mwambie asogee ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Timazi ikifika nyayoni, makalio yanainuka yenyewe, wewe unamshikilia tu.

Na mkongojo, jamani, si aibu. Ukigusa chini, eneo la kusimamia linapanuka kutoka nyayo mbili hadi kwenye ncha yake. Mguu wa kulia ukiuma, shika mkongojo kwa mkono wa kushoto. Kipini kiwe usawa wa kifundo cha mkono ulioning'inia.

Mzee wangu uliyekaa mbele, naomba uje na mkongojo wako tuupime. Naona umekuzidi urefu.