Ngege Anayemezwa na Uzao wa Sato

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Hapa Dar es Salaam sato hahitaji kutambulishwa, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kumwona ngege, Oreochromis esculentus, ambaye zamani ndiye aliyekuwa kitoweo kikuu cha watu wa Ziwa Victoria. Nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, zilipoingia ziwani mwaka 1905, alivuliwa kwa wingi kiasi kwamba Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alishauri yapigwe marufuku makila yenye matundu chini ya inchi 5. Katika miaka ya 1950 sato na sangara wakapandikizwa humo, na habari za sangara, aliyewala samaki wengi wa asili, mnazijua.

Ngege hula mimea midogo mno inayoelea majini, hasa daiatomu, ambayo huichuja kwa matamvua na kuinasa kwa ute wa kinywani. Maji yalipochafuka na daiatomu kupungua, chakula chake kikapungua pia. Dume huchimba kiota chini ya maji, na jike, akishataga, huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani hadi watoto waweze kuogelea wenyewe. Uzazi wa namna hiyo hutoa watoto wachache, kwa hiyo jike mmoja akinaswa, kizazi kizima huenda naye.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hatari kubwa kwa ngege waliobaki si wavu bali ni sato, kwa kuwa samaki hawa wawili huzaliana na kupata machotara ambao nao wana uwezo wa kuzaa. Sato hutambulika kwa mistari iliyosimama kwenye pezi la mkia, mistari ambayo ngege hana. Chotara anaweza kufanana na yeyote kati ya wazazi wake, na hapo jicho la mvuvi halitoshi, ni lazima kupima vinasaba.

Ngege wamesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembezoni, kama Kanyaboli nchini Kenya, lililotengwa na ziwa kubwa na kinamasi cha mafunjo. Huko, bwawa moja la sato likifurika wakati wa masika linatosha kuanzisha uchotara usiorekebishika. Wafugaji wa maeneo hayo ningewashauri wafuge kambale, asiyeweza kuzaliana na ngege. Ni kweli kambale hakatai kumla mtoto wa ngege, lakini hao wameishi pamoja tangu kale.