Mgonjwa wa presha asiyelala: muulizeni kwanza anameza dawa saa ngapi

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii, mkipita majumbani mtawakuta wagonjwa wengi wa presha wanaolalamika hawalali, na wanataka dawa ya usingizi. Msiwakubalie haraka. Ombeni kwanza kuona vidonge vyao vyote, na muulize kila kimoja kinamezwa saa ngapi.

Anzeni na dawa za kukojoza. Furosemidi, ambayo wengi huiita Lasix, huanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake hukaa kwa muda wa saa 6 hadi 8. Mtu akiimeza saa 2 usiku, usiku kucha ni safari za chooni. Haidroklorothayazaidi, dawa nyingine ya kukojoza, huanza polepole zaidi lakini inaweza kuendelea hata saa 12. Zote zimezwe asubuhi. Aliyeandikiwa furosemidi mara mbili kwa siku, dozi ya pili aimeze mchana, isivuke saa 10 jioni. Kwa mzee jambo hili ni kubwa kuliko usingizi wenyewe, maana ni katika kuamka gizani ndipo anapoanguka na kuvunjika nyonga.

Amlodipini, dawa nyingine ya presha, haikojozi, ila huweza kuvimbisha miguu. Mtu akijilaza, sehemu ya maji ya uvimbe huo hurudi kwenye damu, figo huyachuja, kibofu kinajaa. Aweke miguu juu kwa saa moja au mbili jioni, na uvimbe huo auonyeshe kliniki. Asiiache dawa kwa uamuzi wake.

Chai nayo ihesabiwe. Nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini saa 5 hivi baada ya kunywa, kwa hiyo chai ya rangi ya saa 1 usiku ingali inafanya kazi saa 6 usiku. Kikombe cha mwisho kiwe mchana.

Linaloniumiza zaidi ni hili: aliyekosa usingizi huamka viungo vikimuuma, akaenda duka la dawa kununua diklofenaki. Diklofenaki na ibuprofeni huzifanya figo zizuie chumvi na maji, presha ikapanda, na dawa ya presha ikapungua nguvu. Zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na dawa za presha kama enalaprili au losatani, figo zinaweza kufeli. Maumivu ya kawaida yatulizwe kwa parasetamoli. Piritoni, dawa ya mzio, nayo isigeuzwe dawa ya usingizi kwa wazee. Huwachanganya akili na huweza kuziba mkojo.

Mkisharekebisha saa za dawa na chai, na bado mtu anaamka amechoka, muulizeni anayelala naye chumba kimoja kama anakoroma na pumzi kukatika kwa sekunde kadhaa. Huyo apewe rufaa kwa daktari. Kukatika huko kwa pumzi kwenyewe hupandisha presha, na baadhi ya vidonge vya usingizi alivyokuwa akiviomba vingemzidishia hatari.